Kupikia watu 150 nyumbani siku ya mahafali

Harusi unaipangia saa mwenyewe. Mahafali ratiba ni ya chuo. Mhitimu anatoka nyumbani alfajiri joho likiwa begani, majina yanasomwa kitivo kwa kitivo mpaka jua linapinda, kisha picha na mashada, kisha foleni ya Dar es Salaam. Huku nyumbani wageni wengine wameshaketi chini ya turubai tangu saa 7 mchana, na wengine wako kwenye msafara wala hawajui watafika saa ngapi. Kwa mpishi hilo ndilo linalotawala yote: chakula utakachopika lazima kiweze kusubiri. Nimesimamia majiko ya shughuli nyingi za ndugu na majirani, na karibu kila aibu niliyoiona mezani ilianzia hapo.

Vipimo vya hapa ni vya sherehe ya nyumbani, uani, kwa kuni na mkaa, watu 150. Ukiwa na watu 75 gawa kwa mbili. Ukiwa na 300, ongeza idadi ya sufuria na wapishi, usiongeze ukubwa wa sufuria.

Wiki tatu kabla: hesabu midomo

Usihesabu kadi. Kadi ya watu wawili huja na mtoto mgongoni na mwingine anayeshikwa mkono, na jirani wa ukuta mmoja hahitaji kadi. Amekusaidia kumlea huyo mhitimu, atakuja. Chukua karatasi uandike makundi manne: walioalikwa, majirani, watu wa kazi (MC, muziki, mpiga picha, madereva), na jiko lenyewe, yaani wapishi na wasaidizi. Watoto wawili wahesabu kama mtu mzima mmoja. Jumlisha, kisha ongeza moja ya kumi. Mfano: walioalikwa 100, majirani 20, watu wa kazi 6, jiko 12. Hao ni 138. Ukiongeza moja ya kumi unafika kwenye 150. Kundi linalosahaulika kila mara ni la nne. Mama aliyekaa kwenye moshi tangu alfajiri hafai kula ukoko.

Wakati huohuo ulizia mambo mawili. La kwanza, nani hali nyama na nani ana kisukari au presha, maana wazee wengi siku hizi wana masharti ya daktari na wanaona haya kuuliza. La pili, uchinjaji. Familia zetu nyingi zimechanganyika dini, basi nyama na kuku vichinjwe na Muislamu ili kila mtu ale kwa amani. Kama kuna upande wa familia unaotaka kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ipikwe kwenye jiko lake, kwa sufuria, kisu na mwiko wake, na ipakuliwe kwenye meza yake. Hapa usilegeze hata kidogo. Mgeni akiona mwiko mmoja umezunguka sufuria zote, hatakula kitu.

Idadi ikishajulikana ndipo uzungumze fedha na kamati. Familia nyingi hufanya kinyume: michango inakusanywa, inagawiwa kwa keki, mapambo na muziki, kinachobaki ndiyo bajeti ya jikoni. Omba fungu la chakula litengwe la kwanza. Mapambo yakipungua hakuna atakayerudi nyumbani na njaa.

Wiki mbili kabla: chagua kinachosubiri

Kila chakula kipitishe kwenye swali moja: kikikaa saa mbili baada ya kuiva, kitakuwaje?

Pilau hukaa. Ikifunikwa vizuri na makaa juu ya mfuniko, saa mbili baadaye bado inafuka moshi na viungo vimezidi kuingia. Ndizi nyama nayo hukaa, na wengine tunaona inakuwa tamu zaidi mchuzi ukishatulia. Kuku wa rosti anakaa kwa sababu ana mchuzi wake. Kuku mkavu wa kukaanga anakuwa mgumu. Maharage na kabichi havina neno.

Chipsi hazisubiri. Kwenye mahafali ya kijana wa jirani yetu kamati ilishikilia chipsi kwa sababu vijana wanazipenda. Tulimaliza kukaanga saa 8 kama ratiba ilivyosema. Msafara uliingia saa 12 jioni. Zilikuwa zimelainika, zimepoa, mafuta yameganda chini ya sinia, na mama mwenye shughuli alilia jikoni siku aliyopaswa kushangilia. Tangu siku hiyo sipokei chipsi kwenye menyu ya mahafali.

Wali wa nazi ni chakula ninachokipenda kuliko pilau, lakini kwa joto la Dar nazi inachacha haraka, basi uache kwa mlo wa watu wachache wanaokula saa inayojulikana. Mchicha hubadilika rangi na kutoa maji. Saladi ya mayonezi usiiweke kabisa. Ikikaa juani saa moja inaweza kuwaumiza watu.

Menyu ninayoipendekeza ni hii: sambusa za kutuliza wanaowahi, pilau ya ng'ombe, kuku wa rosti, ndizi nyama, maharage, kabichi na karoti, kachumbari, pilipili ya kando, matunda, soda na maji. Aina zikizidi hapo unaongeza sufuria, si furaha. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchomwa, ikitakiwa, kama ilivyo desturi ya Wachaga ambayo sasa imeenea kwenye sherehe za makabila yote, ihesabu kama keki: itakatwa, mhitimu atawalisha wazazi, wageni wataonja kipande. Usipunguze kilo ya nyama kwa sababu ndafu ipo.

Vipimo vya watu 150

Pilau: mchele kilo 20, nyama ya ng'ombe kilo 12, viazi mviringo kilo 8, vitunguu maji kilo 5, mafuta lita 3 na nusu, kitunguu saumu gramu 800, tangawizi gramu 600. Viungo: binzari nyembamba robo kilo, mdalasini gramu 100, iliki gramu 80, pilipili manga gramu 80, karafuu gramu 40. Karafuu usizidishe; ikizidi ladha yake inafunika vingine vyote.

Kuku wa rosti: kuku 20, kila mmoja vipande 8. Unapata vipande 160, kimoja kwa kila mtu na kumi vya akiba. Vitunguu kilo 3, nyanya kilo 6, hoho 20, karoti kilo 2, mafuta lita 5 ya kukaangia.

Ndizi nyama: ndizi 220, nyama yenye mifupa kilo 6, nyanya kilo 2, vitunguu kilo 1. Nunua ndizi kwa kuhesabu vidole, maana mikungu haifanani hata ikiwa ya bei moja.

Maharage kilo 5. Kabichi kubwa 8 na karoti kilo 2. Kachumbari: nyanya kilo 10, vitunguu kilo 5, matango 15, ndimu 30. Sambusa 300, ambazo kwa nyama ya kusaga ya kilo 7 zinatoka bila tabu. Manda, zile karatasi za unga za kufungia sambusa, nunua zilizo tayari. Tikiti maji 8 kubwa, kila moja linatoa vipande kama 25.

Soda kreti 11. Kreti moja ina chupa 24, kwa hiyo ni chupa 264, zinatosha kila mtu moja na wengi ya pili. Maji chupa ndogo 200. Chumvi kilo 2 kwa shughuli nzima, mafuta yote pamoja na ya sambusa lita 15, mkaa magunia mawili na kuni kavu za majiko matatu.

Wiki ya mwisho

Mchele nunua mapema, ndio pekee unaohitaji majaribio. Kwa Dar, Tandale utapata wa Mbeya, wa Shinyanga na wa Morogoro. Wa Kyela unanukia vizuri kuliko yote kwa pua yangu, lakini ukiwa mpya, umetoka kuvunwa, unanywa maji kidogo tu na ukikosea unakuwa bokoboko. Nunua kilo moja, ipike nyumbani, pima maji uliyotumia uandike, kisha rudi kwa muuzaji yuleyule uchukue gunia lilelile. Ukibadilisha gunia, vipimo vyako vya maji havina maana tena.

Ndizi zifuate Mabibo, kwenye soko la Mahakama ya Ndizi, siku mbili kabla, zikiwa kijani na ngumu. Mbuzi wa ndafu hutafutwa mnadani Pugu au Vingunguti, na mchomaji aulizwe mapema kwa sababu msimu wa mahafali wanagombaniwa. Nyama ya ng'ombe agiza buchani, uichukue siku yenyewe alfajiri. Kuku nao wachinjwe alfajiri ileile kama huna majokofu ya kutosha. Kuku 20 wabichi waliolala kwenye beseni lisilo na barafu usiwapokee, hata muuzaji akikuapia.

Mahafali mengi ya vyuo huangukia Novemba na Desemba, na hizo ni mvua za vuli. Jiko liezekwe kwa mabati manne juu ya nguzo. Turubai juu ya moto ni hatari. Kuni zihifadhiwe ndani tangu wiki moja kabla. Kuni mbichi zitakupotezea saa nzima na pilau itanuka moshi.

Wiki hii pia gawa kazi kwa majina. Manahodha wengi chombo huenda mrama, kwa hiyo kuwe na mpishi mkuu mmoja, na chumvi iwe mkononi mwake peke yake. Nimewahi kuona pilau iliyotiwa chumvi mara mbili, shangazi mmoja akiweka na mwingine akiweka nyuma yake kwa nia njema. Dawa pekee ilikuwa kupika upesi kilo 4 za mchele bila chumvi na kuchanganya. Baada ya mpishi mkuu, weka mtu wa kuku, mtu wa ndizi na maharage, wawili wa sambusa, watatu wa kumenya na kukata, mmoja wa moto, mmoja wa maji na vyombo. Na mmoja ambaye hatapika chochote: huyu anakwenda chuoni na simu yenye chaji. Kazi yake utaiona mbele.

Siku moja kabla

Mchana: chagua na pepeta mchele wote. Twanga viungo vya pilau, uvifunge kwenye mafungu mawili yaliyo sawa, moja kwa kila sufuria. Saga kitunguu saumu na tangawizi. Pika nyama ya sambusa, ikaushe kabisa maji, iache ipoe kabla ya kufunga. Nyama yenye majimaji hutoboa manda. Sambusa zilizofungwa zipange kwenye sinia lenye unga kidogo, zilale kwenye friji.

Jioni: loweka maharage. Menya vitunguu vya pilau, vikate vyembamba na vya unene mmoja, kisha vikaange usiku huohuo. Hii ndiyo siri ninayoithamini kuliko nyingine zote. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu, na kilo 5 za vitunguu haziwezi kukauka rangi vizuri kwenye sufuria moja asubuhi watu wakikuharakisha. Kaanga kwa mafungu manne, mafuta yakiwa mengi, ukigeuza bila kuondoka. Toa vikifika rangi ya udongo mwekundu, kabla havijawa kahawia kabisa, kwa sababu vinaendelea kuiva nje ya moto. Cheusi kimoja kinaleta uchungu, kitoe. Mafuta yaliyobaki yahifadhi, ndiyo utakayopikia pilau.

Alfajiri na asubuhi

Saa 11 alfajiri, moto wa kwanza. Nyama ya pilau kilo 12 ikatwe vipande vya ukubwa wa kiberiti, iingie sufuriani na maji, nusu ya tangawizi na chumvi kidogo. Ichemke saa moja hadi moja na nusu, iive lakini isiachane, kwa sababu bado ina safari. Nyama itoe, supu ibaki. Pima supu hiyo kwa lita, uandike. Maharage yachukue moto unaofuata.

Saa 2 asubuhi mtu wa kuku aanze. Kuku waoshwe, wapakwe ndimu, saumu, tangawizi na chumvi, wakae kama saa moja mahali pa baridi, kisha wakaangwe mpaka wabadilike rangi na kuiva mpaka mfupani. Ukichoma paja kwa kisu, majimaji yatoke meupe bila wekundu. Mchuzi wa nyanya, hoho na karoti upikwe kando mpaka mafuta yaelee. Kuku wataingia humo baadaye, saa moja kabla ya kula. Beseni lililobeba kuku wabichi lisirudi kwenye matunda wala kachumbari mpaka lioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Ndizi zimenywe kwa mikono iliyopakwa mafuta, utomvu usigande, na zitumbukizwe kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi. Mifupa na nyama vichemke kwanza mpaka vilainike. Ndizi huiva kwa dakika 40 hivi, na kuzikoroga sana ni kuziponda. Tikisa sufuria badala ya kutumbukiza mwiko. Kabichi iwe ya mwisho kupikwa, isiive sana.

Pilau, sufuria kwa sufuria

Tumia sufuria mbili za kilo 10 za mchele kila moja. Sufuria moja ya kilo 20 inaiva chini na kubaki mbichi juu, na hakuna mwiko wa kuigeuza.

Saa 6 mchana anza ya kwanza. Mimina mafuta ya vitunguu lita 1 na robo tatu. Yakipata moto weka saumu na tangawizi iliyobaki, nusu ya vyote, geuza mpaka harufu ya ubichi iishe. Fungu moja la viungo liingie, dakika moja tu, kisha nyama kilo 6 na vitunguu vya kukaanga ukivivuruga kwa mkono. Viazi kilo 4, vizima kama ni vidogo, vigeuze mpaka vishike rangi.

Maji sasa. Nyumbani ukipika kilo moja unaweka vikombe viwili kwa kimoja cha mchele. Kwenye sufuria kubwa usifanye hivyo, kwa sababu mvuke unaopotea ni mdogo ukilinganisha na wingi wa chakula. Kwa kilo 10 anza na lita 15, supu na maji ya moto vikiwa pamoja. Mchele mkuukuu unaweza kufika lita 17. Hapo ndipo kile kipimo ulichokiandika wiki iliyopita kinapokusaidia. Weka sufuria ya maji ya moto kando kwa ajili ya kuongeza, kamwe si maji baridi.

Weka chumvi gramu 250, iache ichemke, uonje. Mchuzi uwe umekolea kidogo kupita unavyopenda, maana mchele utanyonya. Ukionja na kuona uko sawasawa kabisa, pilau itatoka imepooza. Ongeza kidogo.

Mchele uliooshwa mara tatu na kuchujwa umiminwe, ukorogwe mara moja kutoka chini, ufunikwe. Maji yakikaribia kukauka na matundu kuonekana juu, toa kuni zote, bakiza makaa chini. Sawazisha juu, funika kwa majani ya mgomba yaliyooshwa au karatasi ya foili, kisha mfuniko, kisha palia makaa juu yake. Watu wengi hutumia mifuko ya nailoni chini ya mfuniko. Acha, inayeyuka kwenye chakula cha watu. Baada ya dakika 25 fungua, geuza taratibu kutoka pembeni kuja katikati, funika tena na upalie kwa dakika 20 nyingine.

Sufuria ya pili isubiri simu. Andaa kila kitu mpaka supu imechemka na chumvi imekubali, kisha uiache kwenye moto mdogo, mchele uliooshwa ukiwa kando kwenye chekeche. Yule uliyemtuma chuoni atapiga simu msafara unapoondoka kwenye viwanja. Hapo ndipo umwage mchele. Toka mchele kuingia mpaka pilau kuiva ni kama saa moja na robo, na kwa foleni ya jioni msafara hautakutangulia sana. Wakichelewa, una sufuria moja iliyoiva na moja ambayo ndiyo kwanza inafunikwa. Wakiwahi, ya kwanza inatosha kuanza kupakua.

Wanapowahi na wanapochelewa

Wageni wa saa 7 wapewe sambusa mbili na soda. Kaanga kwa mafungu ya thelathini kadiri watu wanavyofika. Ukikaanga 300 kwa mpigo umerudi kwenye habari za chipsi. Watoto walishwe saa 8 na nusu kwenye mkeka wao, kutoka sufuria ya kwanza. Mtoto aliyeshiba hucheza, na mama yake atakula ameketi.

Msafara ukichelewa kupita saa 10, fanya uamuzi bila kuona haya: walishe wazee na wagonjwa wa kisukari walioko. Mwenye kisukari aliyekwisha kunywa dawa zake hawezi kusubiri hotuba. Mweleze baba mwenye nyumba, ataelewa.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe na joto linalozidi nyuzi 60. Jikoni kwetu hakuna kipimajoto, basi fanya hivi: kila nusu saa chomeka mwiko katikati ya sufuria. Mvuke ukipanda mara moja, vizuri. Usipopanda, rudisha moto. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na wali uvuguvugu ndipo zinapoamka. Mchuzi wa kuku uchemke upya kabisa kabla ya kwenda mezani.

Kachumbari: vitunguu vikatwe asubuhi, vioshwe kwa chumvi na kukamuliwa. Nyanya na matango vikatwe baada ya ile simu, vichanganywe na ndimu wakati msafara unaegesha magari.

Kupakua

Mtu mmoja kwenye meza ya chakula huchukua kama nusu dakika. Kwa mstari mmoja watu 150 ni zaidi ya saa nzima, na wa mwisho watapoteza hamu. Panga meza ndefu yenye vyakula vilevile pande zote mbili, mistari miwili itembee sambamba, utamaliza ndani ya dakika 40. Sahani zianze, kisha pilau, ndizi, maharage, kabichi, kachumbari, na kuku mwishoni kabisa, sahani ikiwa imeshajaa.

Kuku na nyama vigawiwe na mtu, mgeni asijichotee. Mchague mtu mwenye uso mkunjufu na mkono thabiti; mama mdogo wa mhitimu huwa anafaa, kwa sababu anawajua watu wote na hakuna atakayebishana naye. Kabla ya mstari kuanza, maji ya kunawa yawe sehemu mbili, kila ndoo ya bomba na sabuni yake.

Kabla hujamwita mtu wa kwanza mezani, tenga sahani hizi na uzifunike ndani ya nyumba: za wapishi wote, ya bibi au babu asiyeweza kutoka chumbani, ya mlinzi, na ya mhitimu. Ya mhitimu itenge mwenyewe kwa mkono wako, yenye paja la kuku. Atakuwa amesimama kwenye picha tangu asubuhi, atapita kwenye kila meza kupongezwa, na saa atakapokaa meza itakuwa imefagiwa. Nimewakuta wahitimu wawili saa 3 usiku wakila mkate kwenye sherehe yao wenyewe.

Kilichobaki

Pilau iliyobaki isilale kwenye sufuria yake ikiwa imefunikwa. Katikati itabaki na joto usiku kucha na asubuhi imechacha. Itandaze kwenye masinia ipoe upesi, kisha igawe haraka kwa majirani na wageni wanaoondoka, kila mmoja na kifurushi cha watoto waliobaki nyumbani. Kinachoingia kwenye friji kiliwe kesho yake, kikiwa kimepashwa mpaka kinafuka moshi. Kachumbari iliyobaki itupe. Chupa za soda zihesabiwe usiku huohuo zirudi kwenye kreti, maana dukani uliacha amana ya chupa 264, na asubuhi utazikuta chini ya viti, kwenye maua na kwa jirani wa pili.